Kilo Zimepotea Njia

Jirani, wenzangu wanafilisika kwa mambo yanayoeleweka. Kuna wa mikeka ya kubeti. Kuna wa bia. Kuna wa mchepuko. Mimi nafilisika kwa mayai. Trei baada ya trei. Nikipita kwa Mangi ananiamkia vizuri kabisa, "Shikamoo Baba Fito," halafu hapohapo anaongeza, "na lile deni la mayai?" Kwa sauti. Foleni nzima ya unga na mafuta ya kupima inageuka kuniangalia. Hata wanaodaiwa kuliko mimi wananiangalia.

Fito ni kijana wangu wa pili. Jina la kwenye cheti analo, ila tangu aanze mpira halina kazi. Ana miaka 16, kidato cha tatu, beki wa kati. Urefu amepewa, mlangoni anainama. Mwili sasa. Akisimama upande unamtafuta. Na beki, jirani, huwa anaegemewa. Hiyo ndiyo ajira yake. Wa kwangu akiegemewa anaondoka. Kwenye mchujo wa UMISSETA alisukumwa bega moja tu, akaenda kumwangukia mshika kibendera. Wote wawili chini. Refa kimya. Kocha akainuka kwa hasira, nikajua anamfuata refa. Akanifuata mimi.

"Baba Fito, kijana ana mpira. Ila muongezee kilo."

Muongezee kilo! Utadhani anasema muongezee salio.

Nikabisha, maana ubishi haulipiwi. Nikamwambia mbona Kipchoge ana kilo hamsini na kitu tu, na tarehe 12 Oktoba 2019 kule Vienna kala kilomita 42 na ushee kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40? Kocha akaniangalia kwa huruma. "Mzee wangu, Kipchoge hajawahi kuruka kugombea kona huku jitu la kilo themanini limemkalia mgongoni." Nikanyamaza. Watu wa mpira wana majibu yao tayari.

Basi nikaanza na mayai. Sita kila asubuhi, nimeyachemsha mwenyewe. Sasa kijana anaamka saa kumi na moja alfajiri awahi daladala. Saa hizo nani ana hamu ya mayai sita? Anapiga chai ya rangi mafunda mawili, huyo, mlango umeshajifunga. Mayai yamebaki yananitazama. Mama Fito anasema kumwaga chakula ni dhambi. Nikala mimi. Usiku nikaagiza awekewe sahani mbili za wali. Anarudi mazoezini amekufa, anakula ya kwanza nusu, analala kijiko kiko mkononi. Nikala mimi. Mtu lazima ajitoe, jirani. Nyumba haiendi bila mtu wa kujitoa.

Nikaenda jimu. Yule jamaa wa kaunta akanitolea kopo kubwa lenye picha ya mwanaume asiye na shingo. Maandishi yote ya kizungu. Nikauliza bei. Laki na nusu. Nikauliza kama wanapima kwa kijiko. Si hata mafuta ya kula tunapimiwa? Jamaa akaita wenzake waje wasikie. Wakaja. Nikarudia swali, nikadhani hawakusikia vizuri. Walivyomaliza kucheka wakanipimia vijiko kadhaa kwenye kimfuko. Nikapanda daladala nimekishika mkononi, cheupe, laini, kimefungwa fundo. Dada wa pembeni akasogea. Babu wa mbele akaanza kusoma dua. Konda akaniinamia sikioni kwa adabu: "Mzee, shuka na unga wako, sisi tuna familia." Nilitembea vituo vitatu kwa ajili ya afya ya mwanangu.

Hapo ndipo mtu mmoja wa mtaani, sitamtaja, akaniambia nahangaika bure, kuna vidonge. Viwili viwili kwa siku, wiki mbili mtoto mashavu haya hapa. Nikaingia duka la dawa. Ilikuwa jioni, limejaa. Nikamnong'oneza binti wa dirishani: "Mwanangu, nipatie vile vya kunenepesha."

Akajibu kwa sauti ya mnadani: "Baba, vya makalio au vya mwili mzima?"

Jirani, ukimya ule sijawahi kuusikia hata msibani. Nyuma yangu alikuwepo mwenyekiti wa mtaa. Alikuwepo mama wa kikoba chetu. Nikasema, "Si vyangu, vya kijana wangu." Nikaona nimeharibu zaidi. "Wa kiume," nikaongeza, nikaona basi tena, ngoja niondoke. Nilinunua panadoli nitoke na kitu. Mpaka leo mwenyekiti akiniona anaangalia chini nyuma yangu, halafu anauliza hali.

Mama Fito akachoka. Akasema mpeleke mtoto kwa watu wa lishe kwenye kituo cha afya, wapo, ni kazi yao. Sikujua kama kuna mtu analipwa mshahara kuwaambia watu wale nini. Ningejua ningesomea.

Sasa dirisha la lishe limepakana na kliniki ya watoto. Tukakaa benchi moja na akina mama wananyonyesha. Mama mmoja akanigeukia kwa upole: "Wa kwako ana miezi mingapi?" Nikapiga hesabu ya haraka, nikamwambia mia moja na tisini na kitu. Akahamia mwisho wa benchi.

Sista mwenyewe binti mdogo, ni rika la mwanangu wa kwanza. Nikaeleza tatizo kwa kirefu. Alinisikiliza, halafu akamuuliza Fito. Mimi nimelipa nauli, anaulizwa Fito. Akampima: kilo 54, mita 1 na sentimita 78. Akafungua chati, akasema mtoto wa umri huu hapimwi kwa kipimo chetu sisi wazee, ana mistari yake kufuatana na miaka. Akasema ni mwembamba ila hajatoka nje ya mstari, haumwi, isipokuwa anaunguza kuliko anachoingiza. Akamwambia ataje anachokula tangu kuamka.

Fito akataja. Alfajiri chai ya rangi. Saa saba makande ya shule. Saa kumi mazoezi mpaka magharibi. Saa tatu usiku wali, halafu kulala.

Sista akahesabu vidole. Kutoka saa tatu usiku mpaka saa saba mchana ni saa kumi na sita tumbo halijaona kitu cha maana. "Na asubuhi baba amesema mna mayai sita?"

"Mayai anakula baba," Fito akasema.

Mtoto niliyemlea mwenyewe, jirani. Nimemnunulia viatu vya mpira kwa mkopo.

Sista akaniangalia kuanzia juu kushuka, akaishia katikati. "Baba, hebu panda mizani." Nikasema mimi nimesindikiza tu. Akasema panda. Nikavua viatu, soksi ina tundu dole gumba liko nje. Nikavua mkanda. Nikatoa simu, nikatoa funguo, nikatoa na sarafu, nikaomba nivue na saa. Kilo 97. Akachukua tepu, kiuno sentimita 106. Akasema mwanaume akipita 102 hiyo ni taa nyekundu, moyo na sukari vinanyemelea. Hakunong'ona. Kuna mtoto pale benchini alikuwa analia tangu tufike, akanyamaza kunitazama.

Nikataka tumrudie mgonjwa halisi. Nikatoa kile kimfuko cha unga. Sista akasema kijiko kimoja cha kopo huwa na protini gramu 20 na kitu. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15, glasi ya maziwa 8. Jumlisha. Nikajumlisha. Vituo vitatu nimetembea kwa ajili ya maharage! Akasema kijana anayecheza anahitaji kama gramu moja na nusu kwa kila kilo ya mwili wake, kwa Fito themanini hivi kwa siku, na hizo zinapatikana kwenye yai, dagaa, maharage, maziwa, karanga, mradi zigawanywe siku nzima. Tena makopo mengine yamekutwa na vitu ambavyo havikuandikwa nje, na wapo wanariadha wamefungiwa kwa sababu hiyo, wakiapa hawajui walikunywa nini. Fito akanitazama. Nikauangalia ukuta, kulikuwa na picha ya mchicha.

Vidonge sikuvitaja kama vyangu. Nilisema kuna jirani anauliza. (Samahani, ilibidi nikutumie wewe.) Sista akakunja uso. Akasema vingine ni dawa ya mzio, kazi yake kutuliza mafua na muwasho, sasa inaleta usingizi na kufungua hamu ya kula, watu wakaigeuza. Vingine ni steroidi. Hizo zinajaza maji usoni, mtu anaonekana kanona kumbe kavimba. Presha inapanda, sukari inapanda, mifupa inalegea, na ukizoea kisha ukaacha ghafla mwili umeshasahau kutengeneza homoni yake wenyewe. "Mwambie jirani yako aache." Nimekwambia.

Enaji nayo marufuku. Akasema madaktari wa watoto wa Marekani walishaandika tangu 2011 kwamba hivyo vinywaji havina nafasi kwa watoto na vijana. Nikamwambia sista, Marekani mbali, sisi Mbagala. Akasema moyo ni uleule.

Halafu akafika kwenye dawa yenyewe. "Muongezeeni kalori mia tatu mpaka mia tano kwa siku." Nikafurahi. Kumbe rahisi hivi! Nikatoa jero mfukoni nikampa Fito palepale. Sista akaweka kalamu chini. Akasubiri kidogo. Akaanza upya, taratibu, ile sauti anayoongea na wenye miezi tisa. Kalori mia tano ni karanga gramu hamsini, kiganja kilichojaa, na ndizi mbivu mbili. Basi. Gramu ya mafuta inabeba kalori 9, ya wanga au protini 4 tu, ndiyo maana karanga na parachichi vinafaa kwa mtoto anayeshiba haraka: mzigo mkubwa, nafasi ndogo. Uji alfajiri upikwe kwa maziwa na karanga za kusaga, anaweza kuunywa huku anafunga kamba za viatu. Yai moja aondoke nalo mkononi. Ndizi na karanga zikae kwenye begi, ale kabla ya mazoezi. Akirudi apate mtindi na kiazi hapohapo, asisubiri saa tatu. Chai ya rangi isinywewe na chakula, inazuia madini ya chuma yasiingie, anywe baadaye. Na simu izimwe usiku, umri huu unataka kulala kwa muda wa saa nane mpaka kumi, mwili unajengwa kitandani.

"Ataongeza kiasi gani?" nikauliza, nikiwa tayari kwa tarakimu nene.

"Robo kilo kwa wiki. Ikizidi sana nusu."

Robo! Hata nyama nikinunua robo nafunga gazeti mara mbili majirani wasione. Nikamuuliza hakuna njia ya mkato. Akasema zikija haraka zinakuja mafuta, siyo msuli, na msuli unataka mtoto aendelee na mazoezi. "Anayekula akakaa, kilo zinakwenda hapa," akaonyesha kwa kalamu. Alinionyesha mimi. Nilikuwa mfano wa somo.

Haya, tumefuata. Nyumbani sasa Mama Fito anasaga karanga, mimi nanusa tu. Sufuria la uji linasimamiwa na ulinzi. Mpaka muhula umeisha kijana kapanda kilo tatu. Na unaona kitu? Haonekani! Karefuka tena. Kilo zote zimepanda juu. Watu wanasema, "Baba Fito, mbona mtoto humlishi?" huku wanaangalia tumbo langu. Ila uwanjani juzi mshambuliaji alimwegemea akabaki palepale, yule mwenzake ndiye akakaa chini. Kocha akanipigia simu. Nikajua ni pongezi. Ananiambia viatu vimembana, anataka namba 44.

Mimi nimeandikiwa kadi. Ya kwangu, jina langu kamili, kila mwezi nirudi pale benchini kwa akina mama. Wameshanizoea, wananipa mtoto nimshike wakiingia ndani. Kwenye kadi imeandikwa kutembea, mboga, na soda hapana. Hiyo soda imepigiwa mstari. Fito kakabidhiwa usimamizi, na ananiripoti huyo! Kampa hata Mangi maelekezo.

Mangi, tuelewane lakini. Deni la mayai nitalipa mwisho wa mwezi. Hebu ile ya orenji ya baridi, nimiminie kwenye kikombe cha chai. Jirani, wewe sogea hapa mbele kidogo, elekea barabarani. Hapohapo. Mgongo wako una nafasi.