Daktari Aliyepotelea Redioni

Ukitaka kupimiwa cheo chako, acha kufundisha chuo kikuu uende kueleza sumukuvu redioni. Wazee wa idara watakupa pole kama umefiwa. "Siku hizi uko wapi, Daktari?" Ukijibu uko redioni, wanashusha sauti: "Usijali, utapata tu."

Sumukuvu haina mzaha. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota kuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Utafiti wa kukausha na kuhifadhi mahindi upo tele. Umelala kwenye majarida ambayo mkulima wa Makueni hawezi kuyalipia, na akiyalipia atakuta yameandikwa ili asielewe. Huo ndio usomi. Ukimwambia kwa Kiswahili aanike juu ya turubai, si chini kwenye udongo, umeshusha hadhi ya fani.

Mimi sioni haya, yamewapata wakubwa. Mwanaastronomia Carl Sagan alinyimwa ajira ya kudumu Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1968, akahamia Cornell, na mwaka 1980 akawatembeza watu angani kwa televisheni. Mwaka 1992 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ikamkatalia uanachama. Mwaka 1994 ikamvika nishani kwa kuutumikia umma. Yaani kazi yake njema, ila asikae nasi meza moja.

Wazee wangu nao hawana roho mbaya. Juzi mmoja kanipigia simu, kwa sauti ileile ya chini: makala yake mpya imetoka, haijasomwa na mtu, je, siwezi kuitaja kidogo hewani?