Bomba Jekundu Ndilo la Baridi

Mtu aliyekulia Njombe hana mazoezi ya jua. Kwetu mwezi wa Julai watu huamka wakitoa moshi mdomoni, jiko la mkaa likihama na familia chumba hadi chumba, na suruali ya jinzi iliyofuliwa Jumatatu huvaliwa Ijumaa, tena ikiwa bado mbichi kiunoni. Halafu mtu huyo anapata kazi Muscat, anashuka uwanja wa ndege katikati ya Juni, na begi lake limejaa masweta. Begi alipanga mama.

Masweta nisiyaseme vibaya, yamefanya kazi kuliko shati lolote. Ofisi yetu inapoozwa kama bucha. Ndani navaa sweta na soksi nzito. Nikitoka mlangoni miwani inaingia ukungu papo hapo, nabaki nimesimama nikipapasa ngazi kwa mguu. Mlinzi amezoea. Siku hizi hata haulizi, ananishika kiwiko.

Ila bafuni ndiko kulikokuwa na kazi. Maji ya nyumba nyingi hapa hukaa kwenye tangi juu ya paa, na tangi hilo hushinda juani. Unafungua bomba la baridi kwa nia njema, linakumwagia maji ya chai. Nikajaribu alfajiri: moto. Usiku wa manane: moto vilevile. Nikaanza kununua barafu. Jioni moja jirani yangu, bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja (wapo wengi hapa, na Kiswahili chao kinamfanya mtu wa bara apunguze maneno), akanikuta dukani na mifuko yangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Barafu yote hiyo, mwanangu, una karamu?"

"Ya kuogea, bibi."

Alicheka mpaka akashika kaunta. "Hita hujaizima?"

Kumbe hita ina pipa lake, nalo liko ndani ya nyumba, kivulini. Ukiizima, maji yake hutulia humo yakapoa. Kwa hiyo kiangazi chote bomba jekundu ndilo la baridi, la buluu ndilo la moto, na kila mtu mjini analijua hilo isipokuwa aliyeandika rangi.

Kutembea kwa miguu nako kuna visa vyake. Mchana wa Julai, joto likiwa nyuzi 45, mtu mzima akionekana anatembea kando ya barabara huhesabiwa kuwa amepatwa na jambo. Teksi zinapiga honi, magari binafsi yanapunguza mwendo, baba mmoja alishusha kioo kuniuliza gari langu limeharibikia wapi. Nilikuwa naenda kununua mkate. Hata serikali inakataza kazi za nje kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti, sembuse mkate. Na kwenye vibanda vya chai ya karaki wateja hupiga honi wakiwa ndani ya magari, kijana anawatolea vikombe. Mimi nilipofika kwa miguu, kijana alinipita moja kwa moja na kikombe changu mkononi, akawa anatafuta gari.

Usiku basi utapoa, nilijipa moyo. Sikujua habari za Quriyat, mji wa pwani ulio kusini-mashariki ya Muscat, ambako tarehe 26 Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kutwa kucha. Hicho ndicho kilikuwa kiwango cha chini.

Hapo ndipo mwenzangu wa ofisini aliponionea huruma, akanialika Salalah. Ni kama kilomita 1,000 kwenda kusini, jangwa tupu njia nzima, na kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba foleni ya magari yenye familia na mikeka huelekea huko. Tulifika tumechoka. Milima ya Dhofar ilikuwa kijani, imefunikwa ukungu, manyunyu yanashuka. Watu wametandika mikeka kwenye tope, wanachoma mishkaki huku wanalowa, watoto wanakimbia wakipokea mvua kwa ndimi. Mwenzangu alifungua mikono kana kwamba kazi yote ile ameifanya yeye.

"Umewahi kuona kitu hiki?"

Nilikuwa nimevaa sweta la mama, soksi zimelowa, meno yanagongana. Nikamwambia, mashallah.

Mama akapiga simu. Nikamweleza tuko Salalah, tumekuja kuangalia mvua.

"Mvua imefanya nini?"

"Inanyesha tu, mama."

Alinyamaza, kisha akauliza chumba tumelipia kiasi gani. Nikamtajia nusu.

"Huyo mwenzako mwambie mwakani aje kwangu," alisema. "Kwa hela hiyo ukungu ataangalia mpaka achoke, na viazi nitamchemshia."