Nondo za Baba Salma

Mume wangu alinunua Porsche 911 Carrera ya mwaka 1985 akisema ni akiba ya familia. Sikubishana naye. Tunakaa Esslingen, karibu na Stuttgart, na Zuffenhausen zinakotengenezwa gari hizo si mbali. Wanaume wa huku huambukizwa. Mama mkwe alinipigia kutoka Tanga kunipa pole. "Shukuru, mwanangu," akasema. "Angeweza kuleta mke wa pili."

Na kwa kweli gari ilikuja na adabu zake. Injini ya lita 3.2 iko nyuma kabisa, haina rejeta ya maji, inapozwa kwa hewa na oili, na ina nguvu farasi 231. Kwenye mawe ya mji wa kale ilitikisika kidogo kisha ikatulia, binti yetu Salma akapitiwa na usingizi kwenye kisiti cha nyuma. Hapo ndipo baba yake alipoanza kulalamika kwamba inalala kwenye kona.

Gari hizo za zamani hazina springi za mviringo. Kila tairi lina nondo yake ya chuma: tairi likipanda, nondo inasokotwa, kisha inajirudisha. Za nyuma, kwa gari yetu, zilitoka kiwandani na unene wa milimita 24. Baba Salma akaagiza za 28.

"Milimita 4 tu, Mama Salma."

Mimi nafundisha hesabu. Ugumu wa nondo ya namna hiyo hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Nilimpigia hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya umeme: milimita 4 zake ni ongezeko la asilimia 85. Akaisoma mara mbili, akaniambia nimemtia moyo.

Jumamosi zetu zikaliwa. Mbele, kimo hurekebishwa kwa skrubu. Nyuma, lazima nondo ivutwe nje, ihamishwe meno, irudishwe, gari ishushwe, itazamwe, na kugundulika kwamba imeinamia upande. Akafunga na shokapu za mashindano. Jumapili, siku ambayo Wajerumani hawataki kusikia hata nyundo, alikuwa akipima oili, na kwa gari hii oili hupimwa injini ikiwa moto na inanguruma. Jirani wa chini akaacha kutuitikia salamu.

Ndipo mama mkwe akaja kututembelea, na Idd tukaalikwa Tübingen kwa watu wa kwetu. Gari yetu ya kila siku ilikuwa gereji. Mama akakaa mbele, mimi na Salma tukakunjwa nyuma kama mikeka, na sufuria ya mchuzi wa samaki wa nazi ikawekwa kwenye buti, ambayo kwa gari hii iko mbele. Kabla hatujaumaliza mji wa kale mama alishaanza kuvuta uradi kwa sauti. Mwanawe akamweleza utamu wa gari hii kwenye kona.

"Na hiyo kona, baba, utafika na nani?"

Dereva ana usukani wa kushikilia na shimo analiona likija. Abiria hana hili wala lile. Ndiyo maana mtu akikusifia gari yake kwamba ni ngumu lakini inavumilika, muulize aliyekaa pembeni yake.

Kona yenyewe tuliipata kwenye msitu wa Schönbuch, lami ina viraka. Nyuma ikarukaruka ikaenda upande, Baba Salma akaidaka, na sote tukasikia mfuniko wa sufuria ukianguka. Tairi hushika njia likiwa limeikanyaga; likiwa hewani, hata kwa unene wa karatasi, halina kona wala breki. Nondo nene ni za uwanja uliolainishwa. Mwaka 1978 Porsche walipoileta 911 SC kwenye Safari Rally, Kenya, waliinyanyua, na Vic Preston Jr. akamaliza wa pili. Wangu aliishusha, kisha akaibebesha mama yake na mchuzi.

Feni ya hewa ya ndani imo humo humo butini, kwa hiyo tuliingia Tübingen tukinukia tui na bizari.

Nondo za milimita 24 zilirudi wiki iliyofuata, pamoja na shokapu laini na kimo cha kiwandani. Alibakiza upau mnene kidogo wa kuzuia gari isilale kwenye kona, nami nikanyamaza, kwa sababu huo unasaidia kweli na mgongo haujui kama upo. Siku hizi huwaeleza wenzake kwamba mabadiliko yote hayo aliyafikiria mwenyewe.

Zile za 28 zilitakiwa kuuzwa. Mama aliinyanyua moja, akaipima uzito mkononi, akaniuliza kama inaweza kutiwa ncha, maana kifuo chake cha nazi kimepinda. Nikamwambia hicho ni chuma cha springi, hakitapinda maishani. Ikaondoka ndani ya sanduku, imeviringishwa kanga. Baba Salma bado anatafuta mtu anayehitaji nondo ya kushoto peke yake.