Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kidijitali, Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima kubwa, mimi mkaaji wa Bangboka, hapa Kisangani, naomba ruhusa yako nilete mbele yako ombi moja. Najua meza yako imejaa, na nakuomba uniwie radhi kwa kila dakika nitakayokuchukulia. Kwanza tunaishukuru Serikali kwa Sheria ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023. Sisi tunaofundisha vijana kompyuta tuliipokea kwa furaha.

Ombi langu, Mheshimiwa, linahusu Jupyter. Ni programu huria, haiuzwi, na mtu yeyote anaweza kuifungua aone ilivyoandikwa. Vijana wetu huiita daftari. Kijana anaandika mistari miwili ya Python, lugha ya kompyuta, kwenye kisanduku, anabonyeza Shift na Enter, jibu linatokea papo hapo chini yake. Akikosea, anaonyeshwa mstari wenye kasoro, anausahihisha, anabonyeza tena. Mwanafunzi aliyepima vipenyo vya miti kule Yangambi anachora grafu yake mwenyewe siku hiyo hiyo. Februari 2016, wanasayansi wa LIGO walipotangaza kwamba wamenasa mawimbi ya mvutano, hesabu zao nao walizitoa kwa daftari la namna hii. Mtoto wa Makiso, hapa Kisangani, na mabingwa wale wanashika chombo kimoja.

Kwa idhini yako, niseme kilikotoka. Mwaka 2001 Fernando Pérez, Mkolombia aliyekuwa akisomea udaktari wa fizikia Boulder, Marekani, aliandika programu ya mistari 259 akaiita IPython. Humo ndimo Jupyter ilimozaliwa mwaka 2014, na chama cha wanakompyuta cha ACM kikaipa tuzo yake ya programu ya mwaka 2017. Kazi ya kila siku haipewi tuzo: kusoma malalamiko ya watumiaji, kuziba matundu ya usalama, kujaribu kila kitu upya Python mpya inapotoka kila Oktoba. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na watu wa kujitolea.

Nasi tunaumia hapo hapo, Mheshimiwa. Python 3.9 na zilizofuata hazikubali Windows 7. Mwenye kompyuta ya mtumba yenye Windows 7 amebaki na 3.8, ambayo tangu Oktoba 2024 haitengenezwi tena. Kisha kuna umeme. Ukikatika, na betri ilishakufa, maandishi ya kijana yanabaki kwa sababu daftari hujihifadhi kila baada ya sekunde 120, lakini matokeo yote yaliyokuwa kwenye kumbukumbu ya mashine yanapotea. Anarudia kisanduku cha kwanza mpaka cha mwisho, kwa mafuta ya jenereta. Mtunzaji aliyeko ng'ambo hana ubaya nasi. Umeme wake haukatiki, basi shida hii haimfikii. Itamsumbua mtu wa hapa, naye ndiye atakayeitafutia dawa.

Bwawa la Tshopo linatupa umeme tangu miaka ya 1950, na mitambo yake ilipokosa matengenezo mji uliingia gizani. Programu nayo huharibika vivyo hivyo isipotunzwa, hata kama haijaguswa na mtu.

Ujerumani ilianzisha mwaka 2022 mfuko wa serikali uitwao Sovereign Tech Fund, unaolipa watu kutunza programu huria. Sisi hatuthubutu kuomba kikubwa hivyo. Tunaomba nafasi mbili za mshahara katika Chuo Kikuu cha Kisangani, na barua za ajira zitaje wazi kwamba kazi yenyewe ni kutunza. Vijana hao watume marekebisho yao kwenye mradi wenyewe ili dunia nzima ifaidike. Waweke nakala ya vifurushi vya Python kwenye seva moja mjini, mwanafunzi asimalize mega zake kwa kusakinisha tu. Watafute njia ya kuokoa matokeo umeme unapokatika. Waandike maelekezo kwa Kiswahili na Lingala.

Ikikupendeza, Mheshimiwa, tunakusihi kwa unyenyekevu nafasi hizo ziingie katika bajeti ijayo, kabla ya kununuliwa kompyuta mpya hata moja. Majina ya vijana wanaoiweza kazi hii tuko tayari kukuletea Kinshasa wakati wowote utakaotuita.

Pokea, Mheshimiwa Waziri, heshima zangu za dhati.

Mkaaji wa Bangboka, Kisangani