Umaskini Usio na Muhuri

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu.

YAH: MAELEZO YA KITAALAMU KUHUSU MWOMBAJI MASKINI WA MILIMA YA ULUGURU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mwombaji maskini wa Uluguru hupatikana kwa wingi Kinole, Tawa, Matombo, Kolero, Mgeta na vijiji vingine vya pande zote za milima. Hutambulika kwa matokeo mazuri ya kidato cha sita, viatu vya kuazima na simu ya kitochi. Familia yake hulima iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, viungo ambavyo kwa kawaida hunogesha pilau ya watu wengine. Kila mwaka, katika miezi ya katikati ambapo dirisha la maombi ya mikopo hufunguliwa, kiumbe huyu huteremka mjini Morogoro na bahasha ya kaki kwapani. Wataalamu wa ikolojia bado hawajauchunguza uhamaji huu, ingawa ni wa uhakika kuliko mvua za vuli.

Historia yake si ndefu. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) kilipoanzishwa mwaka 1984 chini ya milima hiyohiyo, Serikali ndiyo iliyolipa ada, chakula na malazi ya mwanafunzi. Nafasi zilikuwa chache mno, na wengi waliachwa nje ya lango; lakini waliachwa kwa kukosa nafasi, si kwa kukosa ada. Miaka ya 1990 ikaja na uchangiaji wa gharama, na Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 ikaunda Bodi, iliyoanza kazi Julai 2005. Baadaye ada ikafutwa kuanzia chini: hadi kidato cha nne mwaka 2016, kisha kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Kwa hiyo mtoto wa Kinole anaweza leo kumaliza kidato cha sita katika shule ya Serikali bila kulipa ada hata shilingi moja (michango ni habari nyingine). Ada ya kwanza maishani mwake huwa ni ile shilingi 30,000 isiyorejeshwa, ambayo Bodi imekuwa ikiitoza ili kupokea maelezo yake kwamba hana hela.

Kwa nyumba inayoishi kwa ndizi, kiasi hicho ni mikungu kadhaa iliyoteremshwa kichwani hadi Soko la Chifu Kingalu. Na hapo umaskini wenyewe haujaanza kuthibitishwa.

Uthibitisho huanza na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta kwamba Tanzania Bara ni watu 13 hivi tu katika kila 100 waliokuwa na cheti hicho, na mwombaji wa leo wakati huo alikuwa mtoto wa chekechea. Aliyezaliwa nyumbani, mikononi mwa bibi, ana shahidi mmoja wa uhakika, ambaye ni bibi mwenyewe. Mfumo hauna mahali pa kumpandisha bibi. Cheti hutafutwa wilayani, kisha hulipiwa uhakiki.

Yatima ana kazi ya ziada. Bodi imempa kipaumbele, jambo la busara, mradi tu alete cheti cha kifo cha mzazi. Baba aliyefia Kolero na kuzikwa jioni yake bila karatasi yoyote huendelea kuwa hai kwa madhumuni ya mkopo, na huaminika kuwa na uwezo wa kulipa ada. Wapo waombaji ambao baba zao wamefufuka kwa namna hii kila dirisha linapofunguliwa.

Linalofuata ni suala la nani hasa ni mzazi. Mluguru huhesabu ukoo kwa mama. Shamba ni la ukoo wa mama, na mwenye kauli nzito juu yake mara nyingi ni mjomba, ambaye pia ndiye anayebanwa pakitakiwa daftari au sare. Fomu humuuliza kijana habari za baba, kazi ya baba na kipato cha baba, halafu ikibaki nafasi humkumbuka mlezi. Mjomba amesomesha watoto wa dada zake watatu bila kujua kwamba kitaalamu alikuwa mtu wa pembeni.

Fomu hujazwa mtandaoni. Mwenye kitochi huijazia steshenari, ambako kijana wa kompyuta hulipwa kwa ukurasa: kuprinti, kuskani, kupandisha, na kuprinti tena kwa sababu jina kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi moja zaidi ya lile la matokeo ya mtihani. Fomu iliyoprintiwa hurudi mlimani kutafuta sahihi na muhuri wa serikali ya kijiji. Mtendaji yuko semina. Muhuri wenyewe ni bure. Bodaboda ya kuufuata siku ya pili si bure. Kisha fomu huteremka tena kwa hakimu au wakili ili ipate kiapo, na mwisho steshenari, ikapandishwe. Mto Ruvu, unaokusanya sehemu kubwa ya maji yake milimani humo na kuyapeleka Dar es Salaam, haujawahi kudaiwa barua ya mtendaji ili uteremke.

Haifai Bodi idhani kwamba Morogoro imekuwa hivi siku zote. Mazimbu, kilomita chache kutoka katikati ya mji, chama cha ANC kilipewa ardhi ya lililokuwa shamba la mkonge kikajenga Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, kilichopewa jina la kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Vijana wakimbizi wa Afrika Kusini walisoma, wakala, wakavaa na kutibiwa bure, kwa misaada ya mataifa rafiki na juu ya ardhi ya nchi iliyokuwa maskini kuliko ilivyo sasa. Hakuna aliyewadai cheti kilichohakikiwa. Wengi wao walitoroka nchini mwao bila karatasi yoyote. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya SUA. Mtoto wa mlimani akidahiliwa humo atakaa darasa lilelile, akisubiri awamu ya tatu ya mgao wa mikopo.

Mgao nao una kanuni zake. Mwombaji hupimwa uwezo, na aliyesoma shule ya kulipia huonekana ana uwezo. Binti aliyesomeshwa na masista wa misheni kwa sababu nyumbani hapakuwa na kitu huwa, kwenye mfumo, mtoto wa tajiri, mpaka alete barua ya mfadhili. Na mfadhili huenda alikwisha kurudi kwao. Wanaofanikiwa huweza kupewa asilimia ya ada, na asilimia iliyobaki huachiwa familia ileile iliyothibitishwa haina kitu. Wanaokosa huelekezwa kukata rufaa, ambayo huambatishwa nyaraka.

Haki itendeke: fedha zimeongezeka, kutoka shilingi bilioni 570 mwaka 2021/22 hadi bilioni 787 mwaka 2024/25. Bumu, yaani posho ya kujikimu, nalo limepanda kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000, za chakula na malazi; aliyepanga geto Kihonda anajua ni lipi kati ya hayo mawili hutangulia. Kwa wahitimu, tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Makato ya asilimia 15 ya mshahara yapo palepale, na huko hakuna anayesumbuliwa kwa fomu: Bodi humpata mwajiriwa wa Serikali kwenye orodha ya mishahara bila yeye kusafiri popote.

Kutokana na maelezo haya, yanapendekezwa mambo mawili. La kwanza, uanzishwe mkopo wa kuombea mkopo, utakaogharamia ada ya maombi, vyeti, nauli, kiapo na steshenari, na urejeshwe hata na wasiopata mkopo wenyewe.

La pili ni la kihafidhina zaidi. RITA ni ya Serikali. NIDA, ya vitambulisho vya taifa, ni ya Serikali, na Baraza la Mitihani pia. Kaya maskini zilikwisha kuorodheshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), kijiji kwa kijiji, mbele ya mkutano wa hadhara ambao bibi na mjomba waliuhudhuria. Ustadi uleule unaomfikia mdaiwa kwenye mshahara wake ungeweza kuelekezwa kwenye orodha hiyo mapema zaidi, Februari, mtahiniwa angali kidato cha sita. Na atakayetajwa humo akifaulu na kudahiliwa, apelekewe mkopo bila ada ya maombi. Atakayeachwa nje ya orodha ndiye abakiziwe fomu.

Wasalaam.

Nakala: Mtendaji wa Kijiji (akirudi semina).