Kuachana na SMG: Mwongozo kwa Afande Mstaafu

Afande, karibu uraiani. Kiinua mgongo kimeingia, kombati umerudisha stoo, na ile SMG uliyoijua namba yake kuliko tarehe ya kuzaliwa ya mkeo sasa anaibeba kuruta mwenye ndevu tatu. Pole. Fuata maelekezo.

Usianze kwa kutafuta nyingine ya kuweka nyumbani. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, maombi yako yatapita polisi, na ukiulizwa unaitaka ya nini, "nimeizoea" si jibu.

Utakimbilia kampuni ya ulinzi, kama wenzako. Ukidhani unarudi lindoni, utapewa tochi, filimbi, rungu na geti la ghala la mbolea. Ukibahatika utapangwa mlangoni benki na shotgun iliyofungwa kitako kwa mpira wa baiskeli. Usiulize kama ina risasi. Kazi yako kubwa itakuwa kumpigia saluti mhasibu aliyezaliwa wewe ukiwa tayari koplo.

Jioni nenda kijiweni, lakini chagua upande mapema. Wa SMG wanatamba na magazini ya risasi 30 na kwamba haiogopi matope. Wa G3 wanajibu kwamba 20 zinamtosha mwenye shabaha. Mjadala huu haujawahi kuisha na ni bora usiishe, maana kahawa hulipwa na wasikilizaji. Kama uliingia jeshini baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, usidanganye. Vita vikitajwa, tazama mbali na unyamaze. Mengine watajaza wenyewe.

Sasa tuseme ukweli: unakosa nini hasa? Si kufyatua. Shabaha ilikuwa ya kuhesabiwa risasi, na maganda ulirudisha. Unachokosa ni ile saa ya kusafisha silaha. Unatoa magazini, unahakikisha chemba ni tupu. Unabonyeza kifuniko kitakoni, kinatoka kikopo cha chuma chenye brashi. Unachomoa ufito chini ya mtutu, unavua kifuniko cha juu, springi, bolti, unavipanga juu ya turubai kwa mstari, unafuta, unapaka mafuta kidogo, unarudisha, unakoki: kachak! Hakuna aliyekusemesha muda wote huo, hata sajini.

Basi kazi ya kukufurahisha ni fundi wa mashine za kukatia majani. Usicheke. Mikhail Kalashnikov mwenyewe, baba wa silaha hiyo, alisema mwaka 2002 kwamba angependa zaidi kuwa amebuni chombo cha kumsaidia mkulima, na mfano alioutoa ulikuwa mashine hiyo hiyo. Ina springi, ina mafuta, ina kelele, na haihitaji kibali cha polisi.

Tandika turubai lako chini ya mwembe. Mteja akifika, asimame hatua tatu nyuma wakati wa ukaguzi. Bei itaje mara moja, kwa sauti ya gwaride. Asiyelipa usimrushe kichurachura. Hao ni raia, wana tabia ya kwenda kushtaki.