Mwonjaji Mwenye Njaa

Anayesomea sayansi na teknolojia ya chakula, masomo yanayotolewa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, akibuni bidhaa mpya hana budi kuwaonjesha watu. Kipimo kinachotumika sana kina ngazi 9, kuanzia "sikipendi kabisa" hadi "nakipenda mno". Kipimo hakina kosa. Walakini uko kwa waonjaji, ambao aghalabu ni wanafunzi wenzake. Mtu aliyeishiwa bumu, ile posho ya mkopo wa wanafunzi, tangu juma lililopita, ukimpa biskuti ya unga wa dagaa, atakuandikia 8 kabla hajameza, kisha aulize kama utafiti unaendelea kesho. Yale maji ya kusukutua mdomo kati ya sampuli na sampuli, yeye anayanywa. Kwa takwimu za namna hiyo hata boksi la biskuti lenyewe lingefaulu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba jopo la kweli la waonjaji liko Mwanza, sokoni Mwaloni, Kirumba. Pale mnunuzi huokota dagaa mmoja, akamvunja, akamnusa, akamtafuna bila kusema neno. Kipimo chake kina ngazi 2 tu: ama anafungua fundo la kanga, ama anakwenda meza ya jirani. Na tazama waliofaulu mtihani wa namna hiyo. Viazi vitamu vya Usukumani vikikatwa na kuanikwa vibichi ni michembe; vikichemshwa kwanza ni matobolwa, ambayo asiyeyaloweka vizuri huyakumbuka kwa jino. Darasani hilo ni somo zima kuhusu kuwanyima vijidudu maji. Kijijini ni kuanika. Sangara naye, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, mwanzoni wengi walimwona ana mafuta kupita kiasi. Leo minofu yake inapanda ndege kwenda Ulaya, vichwa na mifupa iliyobaki kiwandani inakaangwa na kuitwa mapanki, na akitiwa chumvi anakuwa kayabo, anavuka mpaka kwenda Kongo. Hakuna mlaji wa mapanki aliyewahi kuombwa ajaze fomu.

Atatokea wa kuniuliza: wanunuzi hao hao si ndio waliokula dagaa wenye mchanga miaka yote? Waliwala, lakini hawakuukubali mchanga. Waliwaosha maji matatu, na hasira zao wakazitia kwenye bei. Dagaa waliokaushwa juu ya vichanja huuzwa ghali kuliko waliolala ufukweni, kwa hiyo jopo lilikwisha kutoa alama zake. Pingamizi zito ni lingine. Sumukuvu haina ladha, na vijidudu havionekani hata ukimgeuza dagaa mara kumi juani. Hapo ulimi wa Mwaloni hauna kauli, maabara ndiyo iseme, na ningemwogopa mtu anayedai uzoefu wa bibi unatosha. Ila maabara ikishasema chakula ni salama, haijasema kinalika. Kwa hilo mwanafunzi apande basi na biskuti zake, azipange mezani Kirumba, aziwekee bei, na asimpunguzie mtu. Akirudi na boksi limejaa vilevile, amepata takwimu safi. Na bwenini, kwa bahati nzuri, wa kuzimaliza hawakosekani.